Mchuchuma: Tutangaze mizani kabla ya kumtangaza mwekezaji

Na Aidan Mlowe

Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilitia saini mkataba wa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kwa ajili ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, wilayani Ludewa. Ikaundwa kampuni ya pamoja, Wachina wakiwa na asilimia 80 na NDC asilimia 20. Mradi ulitajwa kuwa wa dola bilioni 3 za Marekani: mgodi wa makaa, kituo cha umeme cha megawati 600, mgodi wa chuma na kiwanda cha kukiyeyusha. Akiba iliyotangazwa ni tani milioni 428 za makaa na tani milioni 126 za chuma. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule katika vijiji vya Nkomang'ombe na Mundindi leo ni watu wazima, na chuma cha Liganga bado kiko mlimani. Bungeni, vijiweni Makambako na katika mabasi ya Njombe, swali limekuwa moja miaka yote hii: mradi unaanza lini? Ni swali la haki. Lakini lipo lingine linalotangulia, nalo haliulizwi vya kutosha: mbia wa mradi kama huu anapimwa kwa vigezo gani, kila kigezo kina uzito gani, na nani aliupanga uzito huo?

Nauliza hivyo kwa sababu historia ya mradi yenyewe inaonyesha kwamba haukukwama kwa jambo moja. Kwanza kulikuwa na mvutano wa vivutio: mwekezaji alitaka nafuu za kodi ambazo Serikali iliona ni nyingi mno. Mwaka 2017 zikaja sheria mpya za kulinda rasilimali na maliasili za nchi, zilizolipatia Bunge mamlaka ya kupitia mikataba yenye masharti hasi, na majadiliano yakarudi mezani. Kisha dunia nayo ikageuka. Septemba 2021, Rais Xi Jinping aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena vituo vipya vya umeme wa makaa nje ya nchi yake. Nyumbani nako, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, wakati mkataba wa Mchuchuma ulisainiwa nchi ikiwa katika mgao mkali wa umeme. Kwa hiyo kituo cha megawati 600, kilichokuwa hoja nzito mwaka 2011, leo kinahitaji kupimwa upya. Mtaji, kodi, sheria, soko la umeme, siasa ya hali ya hewa: ukipima kimoja na kufumba macho kwa vingine, vile ulivyoviacha ndivyo vitakavyokukwamisha.

Kuna kigezo kingine kinachotajwa kwa haraka mno, nacho ni teknolojia. Chuma cha Liganga kimechanganyika na titani na vanadi. Madini hayo ni mali, lakini pia ni mtihani, kwa kuwa titani ikizidi hufanya taka za kuyeyushia ziwe nzito na zishindwe kutiririka vizuri katika tanuru la kawaida. Wanaoliweza jambo hili duniani si wengi. Panzhihua, katika jimbo lile lile la Sichuan, imejenga tasnia kubwa juu ya mwamba wa aina hiyo. Afrika Kusini, kiwanda cha Highveld karibu na Witbank kiliuyeyusha kwa miongo kadhaa kwa kutumia makaa, matanuru ya kuzunguka na matanuru ya umeme, na bado mwaka 2015 kiliingia katika taratibu za kuokoa kampuni iliyoelemewa, na uzalishaji wa chuma ukasimama. Ndiyo maana makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga havitenganishiki, na ndiyo maana mzabuni mwenye fedha nyingi asiyewahi kuyeyusha mwamba wa namna hii hawezi kuhesabiwa sawa na aliyeuyeyusha.

Sasa, tunapimaje vitu visivyofanana? Fedha zinahesabika kwa dola. Uzoefu wa kuyeyusha, usalama wa maji ya Bonde la Ruhuhu yanayoishia Ziwa Nyasa, uaminifu wa ahadi za ajira kwa vijana wa Ludewa: hivyo wataalamu huvieleza kwa maneno, "nzuri", "wastani", "mbaya". Mwaka 1965, Lotfi Zadeh, mhandisi mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha nadharia ya seti za fazi, yaani makundi yasiyo na mipaka mikali, ambamo kitu kinaweza kuwa ndani kwa kiasi fulani badala ya kuwa ndani kabisa au nje kabisa. Mwaka 1970, yeye na Richard Bellman waliipeleka nadharia hiyo katika kufanya maamuzi. Tangu hapo zimezaliwa mbinu nyingi za kupima vigezo vingi kwa pamoja, na zimetumika kuchagua wagavi, kupima ubora wa huduma na kulinganisha miradi ya nishati. Nadharia hii si mchezo wa darasani: mwaka 1987 jiji la Sendai, Japani, lilifungua treni ya chini ya ardhi inayoendeshwa na kusimamishwa kwa mantiki hiyo.

Kanuni yake ni nyepesi kuliko jina lake. Badala ya kumlazimisha mtaalamu aliyesema "wastani" aandike 5 kati ya 10, neno lake hupewa namba tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Katika kipimo kimoja kinachotumika sana, "wastani" ni 3, 5, 7. "Nzuri" ni 7, 9, 10. "Mbaya" ni 0, 1, 3. Tuchukue mfano wa kubuni. Wataalamu watatu wanapima mpango wa mzabuni wa kulinda maji. Mmoja anasema ni mzuri, wa pili anasema ni wa wastani, wa tatu anasema ni mbaya. Ukichukua namba zao za kati, 9, 5 na 1, wastani wake ni 5. Mzabuni wa pili anapimwa, na wote watatu wanasema ni wa wastani: naye anapata 5. Kwenye jedwali la kawaida wawili hawa wamefungana, na mkubwa anayesoma ripoti hatajua kwamba kwa yule wa kwanza wataalamu walikaribia kugombana. Lakini ukihifadhi namba ya chini kabisa iliyotolewa, wastani wa zile za kati, na ya juu kabisa, wa kwanza anapata 0, 5, 10, na wa pili 3, 5, 7. Tofauti imeonekana. Yule wa kwanza hapaswi kupita wala kukatwa kabla hajaulizwa tena: kwa nini mtaalamu mmoja ameona hatari ambayo mwenzake hakuiona?

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Thamani kubwa ya mbinu hii kwa nchi kama yetu ni kwamba inatunza shaka hadi mwisho wa hesabu, ikamfikia mwenye kuamua na mwananchi anayelipa gharama. Namba moja iliyonyooka hutuliza mioyo isivyostahili. Tena inabidi kuwa makini hata ndani ya mbinu yenyewe, kwani katika mfano ule ule, ukikokotoa wastani wa namba zote tatu za mzabuni wa kwanza utapata takriban 3.3, 5, 6.7, karibu sawa na mwenzake, na ubishi umefutika tena. Kwa hiyo jina zuri la mbinu halitoshi. Namna ya kukokotoa lazima iandikwe na kutangazwa.

Uzito wa vigezo ndio mzizi wa yote. Tuendelee na mfano wa kubuni, sasa kwa namba za kati peke yake. Kampuni A imepata 9 kwa mtaji, 3 kwa teknolojia, 5 kwa mazingira na jamii. Kampuni B imepata 5, 8 na 6. Ukiupa mtaji asilimia 60 na vingine 20 kila kimoja, A inashinda kwa 7.0 dhidi ya 5.8. Ukiupa mtaji 40, teknolojia 40 na mazingira na jamii 20, B inashinda kwa 6.4 dhidi ya 5.8. Kampuni ni zile zile, alama ni zile zile, mshindi kabadilika. Mkulima wa viazi wa Njombe analijua hili kwa jina la lumbesa: anayeamua ujazo wa gunia baada ya mzigo kufika barabarani ndiye anayeamua bei. Uzito wa vigezo ukipangwa baada ya bahasha kufunguliwa, tathmini yote iliyobaki ni kuhalalisha aliyekwisha kuchaguliwa.

Na nani apange uzito huo? Wahandisi, wanasheria na wachumi wana nafasi yao, lakini pia wakazi wa Ludewa. Fidia ya wananchi wanaopisha miradi ya Mchuchuma na Liganga, Sh15.4 bilioni kwa watu zaidi ya 1,100, ilianza kulipwa mwaka 2023, miaka 12 baada ya mkataba. Kama utayari wa kulipa fidia kwa wakati ungekuwa kigezo chenye uzito uliotangazwa tangu mwanzo, kingekuwa kimepimwa, kingekuwa na mwenye kukiwajibikia, na familia zisingeishi miaka yote hiyo zikijiuliza kama zipande miti ya mbao au zisubiri kuhamishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa barabara: kipande cha zege cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kimejengwa kwa fedha za umma, na malori ya makaa ya mradi huu yatakapoanza kupanda kutoka Ludewa kwenda Njombe na Makambako, kila tani itakuwa na gharama ya barabara. Ni nani atakayeilipa? Hicho nacho ni kigezo.

Najua mapingamizi yatakayokuja. La kwanza ni la muda: ngoja ngoja huumiza matumbo, na Ludewa imengoja vya kutosha, iweje tuongeze hesabu? Jibu ni kwamba kupima huku ni kazi ya wiki chache kwa kamati yenye taarifa kamili. Kilichokula miaka ni kugundua baada ya kusaini kwamba pande mbili hazikuelewana kuhusu kodi. La pili linatoka kwa wasomi wenyewe. Thomas Saaty, mwasisi wa mojawapo ya mbinu mashuhuri za kupima vigezo vingi, alipinga wazi kuchanganya mbinu yake na seti za fazi, akisema ulinganisho wake unabeba ukungu huo tayari. Wengine wameonyesha kwamba baadhi ya mbinu hizi hubadilisha mpangilio wa washindani mara anapoongezwa mmoja tu. Ni pingamizi la kweli, na dawa yake inajulikana: rudia hesabu kwa uzito tofauti na kwa mbinu zaidi ya moja. Mshindi akibaki yule yule, songa mbele kwa kujiamini. Akibadilika, jua kwamba uamuzi ni wa kisera, na aliyeuamua auweke jina lake chini yake.

La tatu ndilo zito zaidi: kwamba mjanja atazificha hila zake nyuma ya hesabu. Tumewahi kuona mfumo mzuri kwenye karatasi ukageuka fomu ya kujaza. Utumishi wa umma ulipewa mfumo wa kupima utendaji kazi, OPRAS, mwaka 2004, na karibu miaka 20 baadaye Serikali yenyewe ikauweka kando kwa ajili ya mfumo mpya wa PEPMIS, kwa kuwa ule wa kwanza haukuwa ukipima kazi ipasavyo. Siwezi kusema mbinu ya fazi ina kinga dhidi ya ugonjwa huo. Ninachosema ni kwamba hila inahitaji giza, na mbinu hii ikitumiwa kwa masharti ya uwazi inamnyima mjanja sehemu za kujificha: vigezo vinajulikana, uzito unajulikana, kila mtaalamu ameandika neno lake, na upana wa kutokubaliana kwao unaonekana. Katika zabuni za kawaida tumekubali tayari kwamba vigezo vitangazwe mapema, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka zabuni zipitie mfumo wa kielektroniki, ambao sasa ni NeST. Haiingii akilini kwamba anayeuza madawati shuleni ajue mapema atapimwa kwa lipi, halafu ubia wa mabilioni ya dola juu ya madini yasiyoota tena upimwe faraghani.

Kwa hiyo, mbia awe yule wa 2011 au mwingine, NDC, timu ya majadiliano ya Serikali na wabunge wa mkoa wa Njombe wana mambo matatu ya kufanya kabla ya saini yoyote mpya. Watangaze orodha ya vigezo na uzito wake, kwa Kiswahili, na waifikishe Nkomang'ombe, Mundindi na Halmashauri ya Ludewa ijadiliwe. Waseme kila mtaalamu amepima vipi, kwa wigo wake wote, na wasitoe namba moja ya mwisho peke yake. Waonyeshe matokeo yanabadilikaje uzito unapobadilika. Siri za kibiashara za wazabuni zinaweza kulindwa bila kuficha hata kimoja kati ya hivi. Nawe msomaji, mbunge wako atakapokuambia kwamba mwekezaji mwenye uwezo amepatikana, usiishie kuuliza anaanza lini. Mwombe akuonyeshe mizani.