Aliyepimwa Kwanza Siye Aliyeleta

Hapa Nyarugusu nimechoka kusikia neno hili: "Mama fulani kaleta ukimwi nyumbani." Nani kasema? Mama hupimwa mapema kwa sababu ana mimba, kliniki inamtaka. Bwana hajapimwa, basi anajiita mzima! Labda ana virusi, labda hana. Bila kupima hajui. Kipimo kinaonyesha virusi vipo. Hakionyeshi vilitoka kwa nani.

Lawama hizi zina gharama. Mama akiogopa kufukuzwa, anaficha dawa, anaruka siku, mwisho anaacha. Bila dawa, kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Sasa nani anamponza mtoto: mama, au midomo yetu?

Ninyi wa mashirika, msiite mama peke yao. Iteni na baba, tena jioni, wakiwa wamerudi. Na ninyi baba zetu, miguu inayofika kwenye posho inafika na kliniki.