Jubilei ya Watunza Makaburi

Tarehe 21 Mei 2027 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola itatimiza miaka 110. Mwaka huohuo Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ambayo ni kazi ya Tume hiyohiyo, itatimiza karne moja. Tunatanguliza pongezi, na tunaanzia ufukoni Tanga, katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Wageni walioanza kushuka Ras Kasone usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba 1914 hawakuja kwa nia ya kuondoka. Walikuwa askari wapatao 8,000, Wahindi na Waingereza, waliokaa baharini majuma kadhaa tangu walipotoka India, wengi wao wakiwa hoi kwa kichefuchefu cha mawimbi. Kamanda wao, Jenerali Arthur Aitken, alidhani mji utaanguka bila jasho. Kabla ya hapo manowari ya Fox ilikuwa imeingia bandarini mchana kweupe kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Yaani walibisha hodi kwanza, kisha wakaenda kujipanga. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuhitaji zaidi ya hapo. Aliwapakia askari wake kwenye treni kutoka Moshi, akawahi.

Kushambulia pwani kutoka baharini ni kazi ya peke yake. Anayepigana nchi kavu akishindwa hurudi nyuma, akajificha kwenye handaki au nyuma ya kichuguu. Aliyeshushwa na mashua nyuma yake ni maji, na mbele yake ni watu waliokwisha kumwona. Tarehe 4 Novemba vikosi vilisogea mjini jua likiwaka, katikati ya mashamba na vichaka ambavyo hakuna aliyetangulia kuvipeleleza. Baadhi yao waliingia hadi mitaani. Wengine walipotezana, na risasi zilipopasua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki hao wakawavamia. Tarehe 5 Novemba walionusurika walipanda tena melini, wakaacha ufukoni bunduki, risasi na wenzao.

Waingereza na Wahindi waliouawa walikuwa karibu 360, na majeruhi zaidi ya 480. Upande wa Wajerumani walikufa watu wapatao 70, na wengi wao hawakuwa Wajerumani hata kidogo. Walikuwa askari Waafrika. Vitabu vingi vimeviita vita hivyo Vita vya Nyuki, na sisi jina hilo halijawahi kutuchekesha. Nyuki wanajulikana dunia nzima, waliokufa je?

Swali hilo ndilo lililomsumbua Fabian Ware, mwasisi wa Tume. Umri ulimzuia kujiunga na jeshi, akaenda Ufaransa na magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu, na huko akaanza kuandika ni nani amezikwa wapi kabla mvua na mizinga havijafuta alama. Kutokana na daftari hilo ikazaliwa Tume mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea. Leo inawatunza marehemu wapatao milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150.

Msomaji akipata nafasi alitazame kwa karibu jiwe moja la Tume. Kimo chake ni sentimita 81, na jiwe la jenerali halizidi la kuruta hata kwa kidole. Juu kuna nembo ya kikosi, chini yake namba, cheo, jina na tarehe ya kufa. Mwishoni familia iliachiwa herufi 66, nafasi zikihesabiwa, iseme yake. Mama aliyempoteza mwanawe ilimbidi kupima uchungu wake kwa herufi.

Wapo wanaokufa vitani wasipate hata jiwe hilo, kwa kuwa bahari huwachukua au kaburi lao halijulikani. Kwa hiyo Tume ilijenga kuta za majina. Mnara wa Helles, kule Gallipoli walikoshuka wanajeshi tarehe 25 Aprili 1915, una majina zaidi ya 20,000. Dieppe, Ufaransa, Wakanada karibu 5,000 walishiriki uvamizi wa tarehe 19 Agosti 1942, na zaidi ya 900 wakafa. Wajerumani ndio waliowazika, mawe yakipeana mgongo kwa desturi yao, na Tume ikayaacha yalivyo. Operesheni ile, mtu asidhani tunatania, iliitwa Jubilei.

Sasa tuseme na lile ambalo katika sherehe watu hulipitia pembeni. Usawa wa mawe haukufika kwetu. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao Kariakoo inabeba jina lao hadi leo, wamo katika hesabu hiyo. Sanamu ya Askari ina maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini, na ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lugha zimetimia. Jina la mtu halimo hata moja.

Tunaipongeza Tume pamoja na deni hilo, maana zipo taasisi za enzi zile zilizonyamaza juu ya daftari zao. Hii imefungua lake na kuonyesha kurasa zilizo tupu. Januari 2025, mjini Cape Town, ilizindua kumbukumbu ya vibarua weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mmoja amesimikiwa nguzo ya mvule yenye jina lake. Tungependa kuona nguzo kama hizo Tanga, Voi na Dar es Salaam.

Majina hayo hayako London peke yake. Yamo masandukuni, kwenye medali zilizopata kutu na vyeti vilivyoliwa na mchwa, na katika masimulizi ya mabibi kuhusu babu aliyekwenda kubeba mizigo asirudi. Wewe mwenye jina la namna hiyo, liandike leo pamoja na kijiji alikotoka na jina la babaye, ulipeleke kwenye ofisi ya nyaraka iliyo karibu nawe.