Mvuke Usio na Harufu

Kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu Geita utamkuta mama ameinamia jiko la mkaa, kitonge cha dhahabu na zebaki kikifuka kwenye kibati ili zebaki iruke ibaki dhahabu, mtoto mgongoni. Nimefundisha kemia miaka mingi, lakini kumwambia aache huwa naona haya. Ada ya shule inatoka humo humo.

Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo, na kwa mjamzito humfikia hadi aliye tumboni. Zebaki inayoanguka majini, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikalimbikizana kwenye samaki. Kule Minamata, Japani, sumu ya aina hiyo ilitoka kiwandani. Ugonjwa ulioletwa na sumu hiyo ukatambuliwa rasmi mwaka 1956.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Vizuri. Ila semina za hotelini (sambusa hazikosekani) hazimfikii yule mama. Anahitaji ritoti: chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke, kikaupoza na kumrudishia zebaki yake aitumie tena. Fundi wa kuchomelea anaweza kukiunda. Wanaokusanya ushuru mwaloni waanze na hicho, kimoja kwa kila karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu.