Siobhán McKenna na Lugha ya Kwao

Katika kusimulia maisha ya wachezaji wa tamthilia kuna desturi moja inayostahili kupingwa. Msimulizi huchukua umbali aliokwenda mchezaji kutoka kwao, akaufanya kipimo cha sanaa yake. Mji mdogo huitwa mwanzo, mji mkubwa huitwa ufanisi, na sinema huitwa kilele. Kwa kipimo hiki Siobhán McKenna wa Ayalandi, aliyefariki mwaka 1986, hutajwa kwanza kwa kuwa alisifiwa London na New York, na kwa kuwa alikuwa Bikira Maria katika filamu ya King of Kings ya mwaka 1961 na Anna katika Doctor Zhivago ya mwaka 1965. Nasema kipimo hiki ni kibovu, na maisha yake yanakikanusha.

McKenna alizaliwa Belfast, akakulia Galway, katika nyumba iliyosema Kiayalandi. Mji ule ulikuwa na An Taibhdhearc, jumba la michezo lililoanzishwa mwaka 1928 kwa ajili ya tamthilia za lugha hiyo. Humo alijifunza kazi, na humo alimcheza Lady Macbeth kwa Kiayalandi. Mwaka 1944 aliingia Abbey, jumba la taifa la Dublin. Lakini hakuipa Galway kisogo. Aliitafsiri Saint Joan ya Bernard Shaw kwa Kiayalandi, na mwaka 1950 akaicheza katika jumba lile lile lililomlea. Tafsiri iliitwa San Siobhán, maana Siobhán ndiyo sura ya jina Joan katika lugha hiyo. Mchezaji na mtakatifu wakawa na jina moja.

Mwaka 1954 London ilimwona katika tamthilia hiyo kwa Kiingereza, na mwaka 1956 ikawa zamu ya New York. Sifa zilimiminika. Lakini Joan wa Shaw ni binti wa shamba asimamaye mbele ya wakuu na maaskofu kwa usemi wa kwao. McKenna hakumsemesha kama bibi wa London. Alimpa lafudhi ya magharibi ya Ayalandi. Aliyekwisha kuipima kila sentensi ya mchezo katika mizani ya lugha nyingine huyajua maneno yake kwa namna asiyoijua aliyeyakariri tu. London ilivuna shamba lililolimwa Galway, kisha wasimulizi wakamsifu mvunaji na kumsahau mkulima.

Nitajibiwa kwamba bila Kiingereza ni wachache ambao wangelijua jina lake. Ni kweli, wala sibishani na ukweli. Lakini umaarufu na sanaa ni vitu viwili. Soko hutuonyesha mahali nguo ilipouzwa. Halituonyeshi mahali ilipofumwa.

Wengine watataja siasa ya Ernest Blythe, mkuu wa Abbey tangu mwaka 1941, aliyetaka wachezaji wajue Kiayalandi. Wapinzani wake walilalamika kwamba lugha ilitangulizwa mbele ya kipaji. Malalamiko hayo yana uzito, kwani sharti la lugha haliwezi kumpa kipaji asiyekuwa nacho. Hata hivyo hayamhusu McKenna, aliyekuwa na vyote viwili. Kuitafsiri Saint Joan halikuwa sharti la Abbey, wala hakukuwa njia fupi ya kufika New York.

Na sinema je? Filamu kubwa mbili nilizozitaja zilichukua uso wake na kumpa nafasi ndogo ya kusema. Atakaye kumsikia ni heri atazame The Playboy of the Western World ya mwaka 1962, ambamo alimcheza Pegeen Mike. Synge aliuandika mchezo ule kwa Kiingereza kilichojengwa juu ya mifupa ya Kiayalandi, na mchezaji aliijua mifupa hiyo.

Mwisho wa safari unatosha kuwa hukumu. Mwaka 1985, baada ya sifa zote za ng'ambo, alirudi Galway kucheza Bailegangaire ya Tom Murphy pamoja na kundi la Druid. Alikuwa Mommo, bibi kizee aliye kitandani, arudiaye kila usiku hadithi asiyoimaliza. Jina la mchezo ni la Kiayalandi, maana yake mji usio na kicheko. Hata pale asemapo Kiingereza, bibi huyo hubeba sauti ya lugha ya kale. Mwaka uliofuata McKenna alifariki. Wanaopima kwa umbali hawana budi kukuita kurudi huko kushuka. Waliomtazama waliona mojawapo ya kazi kuu za maisha yake.

Basi mwanafunzi wa tamthilia asianze kwa kuuliza mchezaji alifika wapi. Aulize alijifunza kusema kwa lugha gani, na aliifanyia nini lugha hiyo alipokuwa hana malipo makubwa ya kuitarajia. Taifa linaloifanya lugha yake ngazi ya kukanyagwa na kuachwa litapata wachezaji maarufu, nalo halitakuwa na jukwaa la kuwapokea watakaporudi.