Vikwazo vya Burundi Vilimwadhibu Nani?

Kila nchi jirani inapoharibikiwa, barazani husikika kelele ile ile: wawekewe vikwazo! Nasi watu wa dini, tuliofunzwa haki ya jirani tangu utotoni, tunashangilia. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Je, ya Burundi tumeyasahau? Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya, na kabla wiki haijaisha wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi njia. Nia yao ilikuwa njema: kumlazimisha mwanajeshi aketi na wapinzani wake. Lakini Burundi haina bahari. Mizigo yake mingi wakati huo ilishuka Dar es Salaam, ikafika Kigoma kwa reli, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Bujumbura. Njia hiyo ikifungwa, anayekosa kwanza si rais. Ni mkulima anayesubiri mbolea na mbegu, ambaye hata kahawa yake haina pa kupita. Bei ya petroli ilipaa, magendo yakashamiri, na wenye vyeo na bunduki wakajua pa kuyapitishia. Kufa kufaana! Aprili 1997 wakuu wale wale walilazimika kulegeza masharti, kwa kuwa waliokuwa wakiumia ni raia.

Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto, na kwamba Septemba 1996 Buyoya alirudisha bunge na vyama kwa kubanwa. Nakubali, alibanwa. Ila baada ya hapo vikwazo viliendelea zaidi ya miaka miwili, hadi vikasitishwa Januari 1999, na mkataba wa amani ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mwaka mmoja na nusu baada ya njia kufunguliwa. Kilichouzaa ni subira ya mpatanishi, Mwalimu Nyerere, mpaka mauti yalipomfika, kisha ya Mzee Mandela. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengine watataja vikwazo vya Afrika Kusini. Kule Chifu Albert Luthuli na ANC wenyewe waliiomba dunia iwasusie makaburu. Wakulima wa Gitega na Ngozi nani aliwauliza? Tena hata huko, kazi ilimalizikia mezani.

Hapa sitawanyamazia na wajumbe wa mazungumzo wanaovuta siku hotelini kwa ajili ya posho, huku wenzao wakilala katika kambi za wakimbizi. Hao ndio wanaowapa wapenda vikwazo hoja, na waone haya. Enyi viongozi wetu wa Afrika Mashariki, hekima mnayo, maana ninyi ni warithi wa wapatanishi hodari. Basi siku mtakapotaka kufunga mpaka wa jirani, tuambieni kwanza, hadharani, ni nani atakayepungukiwa mbolea na dawa, na ni tarehe gani mtaufungua.