Kabla hujaniuliza bei ya simtanki la pili

Ndani ya wiki mbili vijana watatu wa hapa Rungwa wamenipigia simu, wote swali moja: simtanki la lita 5,000 bei gani, na je, mkopo wa vijana wa halmashauri unaweza kulinunua? Nawajibu hapa ili nisirudie. Usikope kwanza. Kaangalie bomba linalotoka kwenye tanki ulilonalo.

Mmoja wao nilimfuata nyumbani. Bustani ya nyanya iko nyuma ya nyumba, mipira ya matone imelazwa vizuri, sola inavuta maji kisimani mchana kutwa. Sasa pale bomba linapotokea kwenye tanki, kiungo kimefungwa raba ya tyubu ya baiskeli. Chini yake nyasi zimestawi kuliko nyanya zenyewe, na kuku wamefanya ndiyo kisima chao. Namuuliza, ananijibu, "Aa, bwana shamba, hiyo inadondoka kidogo tu."

Tukakinga kikombe cha robo lita. Kikajaa kwa dakika moja. Hiyo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, yaani ndoo 18 za lita 20. Ukiupa mche wa nyanya lita moja na nusu kwa siku, hayo ni maji ya miche 240. Na tanki lenyewe ni la lita 1,000. Zaidi ya theluthi inakunywewa na kuku na nyasi, halafu mtu anataka kuingia kwenye deni ili apate tanki kubwa la kuvujisha zaidi.

Mimi mwenyewe sina pa kujificha. Koki ya uani kwangu niliifunga raba masika, nikaja kuitengeneza Septemba. Tatizo lilikuwa washa tu, kile kimpira kidogo cha ndani. Ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa namsubiri fundi.

Huku kwetu Singida mvua ni msimu mmoja. Zikikatika Aprili, ndiyo basi mpaka Novemba au Desemba. Kila ndoo unayomwaga Juni utaitafuta Oktoba, wakati nyanya zinauzika vizuri na kisima kimeshuka. Raba ya tyubu ni ya kukuvusha usiku mmoja, siyo msimu.

Wengi wanakosea kwenye aina ya bomba. Bomba gumu la PVC linaungwa kwa gundi: funga maji, kata kipande kilichopasuka kwa msumeno, kata wima, usikate mshazari. Kausha kabisa, piga msasa, paka gundi kwenye bomba na ndani ya soketi, sukuma mpaka mwisho na ushikilie kidogo. Kisha liache mpaka kesho kabla ya kufungulia maji. Hapo kwenye kuliacha ndipo vijana mnashindwa, mnafungulia baada ya nusu saa halafu mnalaumu gundi. Lile bomba jeusi la roli ni poli, gundi ya PVC hailishiki hata umwage kopo zima. Lenyewe linataka viungo vya kukaza vyenye nati kubwa ya plastiki. Kwenye nyuzi za koki zungusha ile tepu nyeupe kufuata upande wa kufungia, ukizungusha kinyume inajikunja na kutoka. Na PVC usiiache juani, inakuwa kavu na kupasuka. Ifukie.

Kwa wenye maji ya mradi kuna hili pia: maji yakikatika, bomba linaweza kunyonya tope kupitia tundu lile lile. Yakirudi, glasi ya kwanza wanakunywa watoto. Kwa hiyo sehemu inayovuja karibu na zizi au choo tengeneza leo hii hii. Kama mvujo uko kabla ya mita, usiguse, toa taarifa kwa chombo cha maji cha kijiji au RUWASA. Baada ya mita ni wa kwako.

Nunua msumeno, msasa, gundi, tepu, soketi mbili na washa chache, weka kwenye ndoo moja nyumbani. Fundi wa kutoka Itigi ni safari, na siku za kumsubiri maji yanaendelea kumwagika.

Jioni ya leo funga koki zote, chovya fito kavu kwenye tanki, weka alama maji yalipofika. Asubuhi, kabla sola haijaanza kuvuta, chovya tena. Yakiwa yamepungua, fuata bomba hatua kwa hatua, angalia penye udongo mbichi. Alama zikiwa pale pale usiku mbili mfululizo na bado maji hayakutoshi, nipigie, tuongee simtanki.