Kompyuta ya bure nayo ina ushuru wake

Jirani wanaokuja kwangu hapa Kinyinya huniuliza swali moja: kama huu mfumo wa Linux hutolewa bure, mbona Mwalimu anaukalia saa nzima kila baada ya wiki mbili, kama ofisa wa forodha anayekagua lori la mchele? Swali ni la haki. Kwa Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na kitu kilichotolewa ku buntu kimetolewa bure. Ndiyo maana Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipotoa mfumo wake mwaka 2004 na kuuita Ubuntu, sisi wa huku hatukuhitaji mkalimani. Lakini hata mchele wa zawadi hupepetwa kabla ya kupikwa, na leo nataka kuzungumzia upepetaji huo, maana juzi uzembe wangu ulimtia hasara mama wa watu.

Nianze na mimi mwenyewe ni nani. Nilisoma mkoani Kagera, Tanzania, hadi kidato cha nne, kwa Kiswahili cha madawati ya ukimbizini, kisha nikarudi Rwanda mwaka 1997 nikiwa sijawahi kugusa kompyuta. Leo nafundisha, na pamoja na kufundisha natunza mashine kumi na moja: nane za wanafunzi na tatu za majirani wafanyabiashara. Zote ni kuukuu. Idadi ya wanaoniletea mashine za aina hiyo imeongezeka tangu kampuni ya Microsoft ilipoweka Oktoba 14, 2025 kuwa mwisho wa usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai vipuri ambavyo mashine za zamani hazina. Mwenye fedha anunue mpya. Asiye na fedha anakuja kwangu, nami namwekea Linux.

Sasa, ndugu msomaji, mifumo ya Linux iko ya namna mbili, na anayefanya biashara ya mpakani ataielewa upesi. Namna ya kwanza ni kama gulio. Ina siku yake, bidhaa zinakuja kwa pamoja, na baada ya hapo unasubiri gulio lijalo. Ubuntu iko hivyo: toleo jipya kila miezi sita, Aprili na Oktoba, na kila miaka miwili toleo la Aprili linalotunzwa kwa muda mrefu. Namna ya pili ni kama duka lililo kando ya barabara ya Rusumo ambalo mzigo unashushwa usiku na mchana. Hakuna toleo la mwaka huu wala la mwaka ujao. Unasimika mara moja, na tangu siku hiyo mfumo unabadilika kidogo kidogo chini ya mikono yako. Arch Linux, iliyoanzishwa na Mkanada Judd Vinet mwaka 2002, iko hivyo. Na hii ninayotumia mimi, openSUSE Tumbleweed, iko hivyo.

Programu katika mifumo hii hazipatikani kwa kuokoteza huku na huko. Zinakaa katika maghala yaliyoko kwenye intaneti, zikiwa zimefungwa katika vifurushi, na kila kifurushi kina orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Ghala kuu la Tumbleweed halitoi kifurushi kimoja kimoja ovyo. Linatoa mfumo mzima kama ulivyo siku fulani, baada ya mashine za majaribio ziitwazo openQA kuusimika, kuuwasha na kuuchezea kama mtumiaji. Ukishindwa majaribio, hautoki. Vitu vilivyotoka pamoja vimepimwa pamoja, na hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulielewi.

Tatizo linaanza pale ghala kuu linapokosa kitu. Kwa mfano, baadhi ya programu za kuchezesha video na muziki haziwekwi katika ghala kuu la openSUSE kwa sababu za hataza na sheria, hivyo watu wa kujitolea wanaziweka katika ghala jingine liitwalo Packman. Hakuna ubaya. Lakini sasa una maghala mawili, kila moja na ratiba yake. Baada ya hapo rafiki anakwambia kuna ghala la tatu lenye programu nzuri ya hesabu, na mwanafunzi anakuletea la nne kwa ajili ya mchezo. Siku moja unatazama orodha na kukuta maghala tisa, na hujui ni lipi lililokuletea nini. Niliwahi kuona lori la aina hiyo: injini ya Kampala, gia ya Dubai, breki za fundi wa Kahama. Lilitembea vizuri mpaka siku lilipopanda mlima.

Basi nisimulie kosa langu. Mama mmoja jirani yangu huvuka Rusumo kwenda kununua mchele Kahama. Hutanguliza fedha kwa mawakala kabla ya mavuno, na hesabu za nani amepewa ngapi zimo katika kompyuta moja kati ya zile tatu. Ilikuwa Jumatano usiku, naye alikuwa asafiri Alhamisi alfajiri. Mimi nilitaka programu moja tu ya kuonyesha video za somo la sayansi, na bando langu lilikuwa linakaribia kwisha. Badala ya kusasisha mfumo mzima, nikachukua programu ile peke yake kutoka ghala la pembeni. Ilikuwa imetengenezwa kwa kutegemea mfumo mpya zaidi kuliko wangu. Kompyuta ikaniuliza: kuna mgongano, nifanye nini? Ikanipa njia tatu, na ya tatu ilikuwa kuendelea kwa kupuuza vifurushi vinavyohitajika. Nikabonyeza tatu. Mtu mzima, mwalimu, nikabonyeza tatu kwa kuwa nilitaka kulala.

Saa kumi alfajiri yule mama alikuja kuchapisha karatasi zake. Kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe.

“Mwalimu, mashine yako imekula daftari langu.”

“Hapana, Mama, daftari lipo. Ni mlango ndio umegoma kufunguka.”

Nilikuwa nasema kweli, lakini ukweli huo haukumsaidia. Basi halimsubiri mtu. Alivuka bila karatasi, na huko Kahama wakala mmoja akakubali nusu tu ya fedha alizopewa. Nilipofungua mlango ule Jumamosi, hesabu zilikuwepo zote, tarehe na kiasi, lakini yeye alikuwa ameshapatana naye kwa nusu ili asirudi mikono mitupu.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwapo. Tumbleweed, ukiisimika kama inavyopendekezwa, hupiga picha ya mfumo kabla na baada ya kila mabadiliko. Mfumo ukiharibika, unawasha mashine, unachagua picha ya jana, na kazi inaendelea. Mafaili ya mtumiaji hayaguswi kwa sababu yako katika sehemu yake. Ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeizima huduma hiyo ili kuokoa nafasi kwenye diski ndogo. Nafasi niliipata, ila mama wa watu ndiye aliyeilipia.

Tangu siku hiyo nina msimamo, nami nausema wazi kwa kuwa najua wapo wengi wanaotunza mashine za majirani kama mimi, Nyagatare, Kirehe, Rubavu na kwingineko. Mfumo unaobadilika kila siku ama unausasisha wote kwa pamoja, ama unauacha ulivyo. Usasishaji wa nusu ndio sumu. Watu wa Arch wameandika katika miongozo yao kwamba hawaukubali, na katika Tumbleweed amri iliyowekwa kwa kazi hii ni zypper dup, inayoulinganisha mfumo wako wote na maghala yalivyo siku hiyo, hata ikibidi kurudisha kitu nyuma au kukiondoa. Amri iliyozoeleka ya zypper up haikuundwa kwa safari hiyo. Kuhusu maghala ya pembeni, kila ghala lina namba ya cheo. Kwa kawaida ni 99, na namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Ukiyaacha yote kwenye 99 umewaacha madereva wanne wagombee usukani mmoja. Mimi nimebakiza maghala mawili tu, na mchezo wa yule mwanafunzi nimeuondoa. Alinuna wiki nzima.

Wapo watakaosema: Mwalimu, kwa nini ujisumbue? Weka mfumo wa gulio, usisasishe kwa miezi sita, ulale usingizi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kwa zile mashine nane za wanafunzi nimeshaanza kuhamia toleo la muda mrefu, kwa kuwa mtoto anayejifunza kuandika barua hahitaji kitu cha jana usiku. Nusu ya pili, ile ya kutosasisha kabisa, naikataa. Mashine isiyosasishwa ni nyumba ambayo mwizi anajua dirisha lake bovu, na siku hizi wafanyabiashara wetu wanafungulia akaunti za benki humo humo.

Lakini pia nisiwadanganye kwamba kipya ni salama kwa sababu ni kipya. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund aliona kuwa kuingia katika mashine yake kwa njia ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Mwingine angepuuza. Yeye akachimba, akakuta kwamba katika programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameficha mlango wa siri, baada ya kujenga uaminifu kwa miaka zaidi ya miwili kama mchangiaji mwema. Freund alitangaza Machi 29. Walioguswa mapema ni watumiaji wa mifumo ya mbele kama Tumbleweed, ambamo kifurushi hicho kilikuwamo tangu Machi 7 hadi kilipoondolewa Machi 28. Waliokuwa gulioni, wakisubiri toleo lao, hawakukutana nacho. Na Julai 2025, katika ghala la watumiaji wa Arch liitwalo AUR, ambako yeyote anaweza kuweka kifurushi, viligunduliwa vifurushi vitatu vilivyojifanya vivinjari vya intaneti vilivyorekebishwa, kumbe vimebeba programu ya kuitawala mashine yako kwa mbali. Viliondolewa baada ya siku mbili hivi. Mfanyabiashara aliyewahi kuuziwa betri bandia zenye nembo halisi hahitaji nimweleze zaidi.

Liko jambo jingine, nalo ni gharama ya bando. Watengenezaji wakibadilisha chombo kikuu cha kuundia programu, mfumo mzima huundwa upya, na siku hiyo mashine moja inaweza kudai gigabaiti mbili. Zidisha kwa kumi na moja. Hapa ndipo natamani viongozi wetu wasikilize.

Wenyeji wa mlima huu wanakumbuka minara ya Deutsche Welle. Kuanzia mwaka 1965 hadi 2015 kituo chao cha masafa mafupi kilikuwa hapa hapa Kinyinya. Tulipokuwa Kagera tulisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya redio hiyo, na baba yangu alifurahi kupita kiasi alipoambiwa kwamba mitambo iliyokuwa ikirusha matangazo ya Wajerumani ilikuwa katika nchi asiyoruhusiwa kurudi. Habari hazikutengenezwa Kinyinya. Zilitengenezwa Cologne, baadaye Bonn. Kinyinya ilizipokea na kuzirusha kwa mamilioni, kwa sababu ilikuwa karibu na wasikilizaji.

Maghala ya Linux hufanya kazi kwa mtindo huo. Ghala kuu liko mbali, lakini nakala zake ziko duniani kote, na ombi lako huelekezwa kwenye nakala iliyo karibu. Rwanda tuna kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, RINEX, tangu mwaka 2004, maana yake data inaweza kutembea ndani ya nchi bila kuzunguka ughaibuni. Kwa nini basi kila shule inunue bando lake kuvuta kifurushi kile kile kutoka mbali? Nakala moja ya ghala inayotunzwa vizuri, ambayo shule za wilaya zinaifikia bila kulipia kila megabaiti, ingetuondolea kishawishi cha kusasisha nusu. Maana tusidanganyane, ule usiku wa Jumatano sikubonyeza tatu kwa ujinga peke yake. Nilibonyeza kwa sababu bando lilikuwa linaisha.

Wakati tunasubiri, mimi nimefanya kidogo changu. Mashine moja shuleni inashusha vifurushi na kuvihifadhi badala ya kuvitupa baada ya kuvisimika. Nyingine zinavichukua kwake kupitia waya. Bando limepungua sana. Nasasisha Jumamosi mchana, kamwe si usiku, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi nasubiri umuganda uishe kwanza. Picha za mfumo nimezirudisha. Nafasi ya diski nimeipata kwa kufuta video zangu za mpira.

Yule mama wa mchele bado anatumia mashine ile. Ila sasa ana utaratibu wake, hakuniomba ruhusa: anakuja Ijumaa jioni na karatasi zake mwenyewe, anachapisha hesabu zote, anazikunja na kuziweka kwenye pochi. Kisha ananigeukia na kusema, “Haya Mwalimu, sasa unaweza kuiharibu.”